Mhariri, ni umma upi huo?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ule ukurasa wa habari za kimataifa. Mimi sio mwanasheria wala mwanahabari, ni msomaji tu wa kila siku, na naandika kwa sababu gazeti hili naliamini, ningekuwa silijali ningeshaacha kulinunua nikanyamaza.

Nyumbani msomaji ni mimi. Mzee wangu macho yamemwishia nguvu, herufi ndogo hazioni tena, kwahiyo kila jioni nakaa pembeni yake namsomea gazeti kuanzia mwanzo mpaka mwisho na ukurasa anaousubiria ni huo wa dunia. Anainamisha kichwa upande wa lile sikio linalosikia vizuri, anafumba macho, hasemi kitu mpaka nimalize habari, halafu anauliza swali moja. Sio maswali mengi, moja tu. Na hilo swali lake moja mara nyingi sana ndo lile ambalo habari yenyewe haijalijibu.

Mwaka 2025, mwezi wa Septemba, mlitoa kipande kifupi pale pembeni, kwamba aliyekuwa waziri wa sheria wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Constant Mutamba, amehukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kosa la kuchepusha kama dola milioni 19 zilizopangiwa ujenzi wa gereza Kisangani, na kwamba yeye mwenyewe alikana. Nikasoma nikamaliza. Mzee akauliza, "Pesa za nani hizo?" Nikarudi juu nikaangalia tena, mmeandika pesa za umma, nikamwambia ni za umma. Akafungua macho akasema, "Umma upi?"

Sikuwa na jibu, nikabaki nimeshika gazeti. Usiku ule nikaingia kwenye simu nikatafuta, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuumia, manake zile pesa zina historia ndefu na gazeti langu lenyewe liliwahi kuandika vipande vyake vyote, kila kimoja siku yake, ila hakuna siku mmevikalisha pamoja.

Ni hivi. Juni 2000 majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wa Kisangani, mji wa Congo, nchi ambayo sio ya kwao wote wawili. Siku sita mabomu yanaangukia kwenye nyumba za watu, mpaka leo wakazi wanaiita vita ya siku sita. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 1999, Congo ilikuwa imeshaipeleka Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa kuivamia. Hukumu ilikuja tarehe 19 Desemba 2005, mahakama ikasema Uganda ilikiuka sheria za kimataifa, ilikalia eneo la Ituri huko huko Congo, na askari wake walipora mali ya asili, na kwamba lazima ilipe. Ila ilipe kiasi gani hawakusema, wakaziambia nchi mbili zikae zikubaliane. Hazikukubaliana. Miaka ikaenda, kesi ikarudi mahakamani, mpaka tarehe 9 Februari 2022 ndo kiasi kikatajwa: dola milioni 325, ambapo milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa na kufukuzwa kwao, milioni 40 mali zilizoharibiwa, milioni 60 maliasili. Congo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11.

Hesabu hapo. Kutoka 1999 hadi 2022 ni miaka 23, mtoto aliyezaliwa wiki kesi inafunguliwa ameshakuwa mtu mzima kabla hajasikia kiasi. Uganda ikaanza kulipa, awamu ya kwanza milioni 65 Septemba 2022, na serikali ya Congo ilikuwa imeshaunda mfuko maalumu wa kuwafidia wahanga. Na zile dola milioni 19 za kesi ya waziri zilitoka humo humo. Yaani pesa ya mtu aliyeuliwa mzazi wake Kisangani ikapangiwa kujenga gereza Kisangani, halafu hata hilo gereza likawa ndo njia ya kuzipitishia, kwa jinsi mahakama ya Kinshasa ilivyoona.

Sasa mhariri, hiyo habari ni ya nini? Mliiweka kwenye kona ya uhalifu. Ile ya 2022 ilikuwa mgogoro wa kimataifa. Waziri alipojiuzulu Juni 2025 ikawa siasa. Ni habari moja hiyo hiyo, imekatwakatwa kama nyama ya mafungu, na msomaji anaondoka na fungu moja mkononi hajui mnyama alikuwa nani. Kesho yake jioni nilimweleza mzee yote kuanzia mwaka 2000, alikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake, akasema, "Kumbe ni zile za Kisangani." Kuzijua alikuwa anazijua! Vita ile aliifuatilia redioni siku zile. Alichokosa ni sentensi moja tu ya kumwambia kwamba hii ni ile ile, na hiyo sentensi haikuwepo.

Na tukiwa hapo hapo kwenye mahakama, kuna jambo jingine linanikera zaidi pengine. Mnaandika "Mahakama ya The Hague" mnaishia hapo. The Hague ni mji wa Uholanzi, una mahakama zaidi ya moja, na hizi mbili kubwa zinafanya kazi tofauti kabisa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, ni ya Umoja wa Mataifa, ina majaji 15, na wanaoshtakiana pale ni nchi kwa nchi, hakuna mtu anayefungwa pale hata siku moja. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC, ilianza Julai 2002, sio ya Umoja wa Mataifa, ina majaji 18, na yenyewe inashtaki mtu mmoja mmoja kwa jina lake kwa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita na uchokozi wa kivita. Mkiandika The Hague tu, mtu anachanganya. Ile 2022 niliposoma Uganda imeamriwa kulipa, mzee swali lake lilikuwa, "Kwahiyo rais wao atakamatwa?" Na mimi nikamjibu eti huenda, kwa sababu hata mimi sikujua! Nilimdanganya baba yangu bila kukusudia, na sikupenda nilipogundua.

Tazama kesi ya Israel na Gaza, watu wangapi mpaka leo wanazichanganya. Afrika Kusini iliishtaki Israel ICJ mwishoni mwa Desemba 2023, nchi kwa nchi, chini ya mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari. Halafu ICC, kivyake, tarehe 21 Novemba 2024 ikatoa hati za kukamatwa kwa Netanyahu na Gallant aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, na nyingine kwa Mohammed Deif wa Hamas. Kesi mbili, mahakama mbili, hatua mbili tofauti, ila ukiwasikia watu wakibishana utadhani ni kitu kimoja, mmoja anasema ameshahukumiwa mwingine anasema ameachiwa, wote wawili wamekosea na wote wamesoma magazeti.

Manake kuna hilo la hatua nalo. Tarehe 26 Januari 2024 ICJ ilitoa amri za muda, jaji Joan Donoghue aliyekuwa rais wa mahakama akisoma ukurasa baada ya ukurasa huku dunia nzima inamwangalia, na lile neno la Kiingereza lililotumika, "plausible", likatafsiriwa kila mahali kwamba mahakama imesema madai ya mauaji ya kimbari yana mashiko. Miezi mitatu baadaye, akiwa ameshastaafu, yule jaji mwenyewe alihojiwa na BBC akasema sio hivyo, mahakama haikuamua kwamba madai yana mashiko, iliamua kwamba Wapalestina wana haki ya kulindwa dhidi ya mauaji ya kimbari na kwamba Afrika Kusini ina haki ya kulipeleka jambo hilo pale. Mtu anaweza kuona ni tofauti ndogo. Sio ndogo. Kwa wanaofiwa kila siku kule, kujua kwamba swali lenyewe kubwa bado halijajibiwa na litachukua miaka ni jambo zito sana, na kwa msomaji wa mbali ni tofauti kati ya kesi iliyoisha na kesi iliyoanza. Sisemi ni nyie peke yenu mliokosea, vyombo vikubwa vikubwa vilikosea, ila waliorudi kusahihisha ni wachache na gazeti langu sikuliona likirudi.

Naomba na neno mtuhumiwa mlilinde. Jean-Pierre Bemba, mwanasiasa wa Congo aliyeshtakiwa ICC kwa uhalifu wa askari wake Jamhuri ya Afrika ya Kati, alikamatwa 2008, akatiwa hatiani 2016, akafungwa miaka 18, halafu Juni 2018 rufaa ikamwachia huru. Laurent Gbagbo, aliyekuwa rais wa Côte d'Ivoire, alipelekwa ICC Novemba 2011, akaachiwa Januari 2019, rufaa ikathibitisha 2021 akarudi kwao Côte d'Ivoire. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu hawa wawili, mimi pia ninayo, na najua wapo waliopoteza ndugu Bangui na Abidjan ambao hizo hukumu ziliwachoma moyo. Lakini magazeti yaliyokuwa yanawaita wahalifu wa kivita tangu siku ya kukamatwa yaliandika kitu ambacho mahakama ilikuja kukikataa, na ile siku ya kuachiwa ikapewa aya mbili. Hata wahanga hawatendewi haki hapo, manake hao ndo walitakiwa kuelezwa kwa kina kwanini kesi ilianguka, ushahidi ulikosekana wapi, nani alikosea.

Interpol nalo nilitaje haraka. Interpol hawakamati mtu. Makao yao yapo Lyon Ufaransa, nchi wanachama 196, na ile notisi nyekundu ni ombi kwa polisi wa nchi zote wamtafute mtu na wamshikilie akisubiri kusafirishwa, kila nchi inaamua kwa sheria zake itaifanyia nini. Kwahiyo kusema fulani "amekamatwa na Interpol" sio kweli, amekamatwa na polisi wa nchi fulani, na nchi hiyo ndo ya kuulizwa kwanini imemkamata au kwanini imemwachia.

Hilo la nchi gani imekamata ndo moyo wa mambo yote haya, na mnalipita mbio. ICC haina polisi hata mmoja. Hati ya Putin ilitoka tarehe 17 Machi 2023, kwa ajili ya watoto wa Ukraine waliohamishiwa Urusi, na Septemba 2024 akaenda Mongolia ambayo ni mwanachama wa ICC, ikampokea kwa gwaride akaondoka zake. Omar al-Bashir, rais wa Sudan wa wakati huo, alitolewa hati 2009, mwaka uliofuata akaonekana Nairobi kwenye sherehe za katiba mpya, 2015 akaenda Johannesburg akatoka huku mahakama ya Afrika Kusini imeshaagiza asiondoke. Halafu Rodrigo Duterte, aliyekuwa rais wa Ufilipino, tarehe 11 Machi 2025, anashuka kwenye ndege Manila akitokea Hong Kong, polisi wa nchi yake mwenyewe wanamsubiri, usiku ule ule anasafirishwa kwenda Uholanzi. Na Ufilipino ilikuwa imeshajitoa ICC tangu 2019! Kumbe kujitoa hakufuti yaliyofanyika wakati bado ukiwa mwanachama. Hizo ni habari tatu ambazo mtu akizisoma kwa pamoja anaelewa kwamba hati ni karatasi na uzito wake unategemea ni nani anatawala pale mtuhumiwa anaposhukia. Mkiziandika mbali mbali bila kukumbushana, tunabaki na kelele tu, kwamba ICC inaonea Afrika, mwingine anasema ICC haina kazi, na hakuna anayejifunza.

Kuna siku mzee aliniuliza, "Yule mzee mwenzangu waliyemkamata Ufaransa iliishaje?" Ilibidi nifikirie sana anamzungumzia nani. Alikuwa anamaanisha Félicien Kabuga, yule tajiri aliyetuhumiwa kufadhili mauaji ya kimbari ya Rwanda, alitafutwa zaidi ya miaka 20 akakamatwa karibu na Paris Mei 2020. Kukamatwa kwake mlikuweka ukurasa mkubwa na picha. Kesi ikaanza Septemba 2022, na 2023 majaji wakaona akili yake imeshadhoofika kwa uzee hawezi kufuatilia kesi, ikasitishwa bila kikomo. Hakuna hukumu. Nilipomwambia mzee, hakusema kitu kuhusu Kabuga, alisema, "Na waliokuja kutoa ushahidi?" Mtu wa umri wake anajua kusubiri kitu kisichokuja ni nini, nadhani ndo maana alienda moja kwa moja kwa hao.

Nisionekane nalalamika tu, kuna upande mwingine unaokosekana nao unaniuma vile vile. Migogoro inayoisha hamuiandiki. Nigeria na Cameroon waligombea rasi ya Bakassi, askari walikufa pale, ICJ ikaamua Oktoba 2002 kwamba ni ya Cameroon, Nigeria ikagoma mwanzoni, wakakaa mezani na Kofi Annan, wakasaini 2006 na Agosti 2008 Nigeria ikakabidhi kila kitu. Nchi yenye jeshi kubwa zaidi ikatoka kwa sababu ya hukumu. Libya na Chad nao walipigana miaka kwa ajili ya ukanda wa Aouzou, hukumu ikatoka Februari 1994, kufika mwisho wa Mei mwaka ule ule askari wa Libya wameshaondoka. Gaddafi huyo! Leo Kenya na Somalia bado wanatazamana kwa ajili ya bahari, hukumu ilitoka Oktoba 2021, Kenya ikaikataa, na kila ikitajwa inatajwa kama mpira, nani kashinda nani kafungwa, wakati ukweli ni kwamba mstari uliochorwa haukuwa ule Kenya iliotaka wala haukuwa ule wa Somalia wote, na ombi la Somalia kwamba Kenya ilikiuka mamlaka yake lilikataliwa. Mkiweka Bakassi pembeni ya hiyo habari, hata kwa aya moja, mtu anaona kwamba kukataa hukumu siku ya kwanza sio lazima kuwe mwisho wa maneno.

Najua karatasi ni ghali na nafasi ni ndogo na ripota mmoja anatafsiri habari kumi kwa usiku mmoja. Simlaumu yeye. Ninachoomba hakihitaji ukurasa wa ziada. Taja mahakama kwa jina lake. Sema kesi iko hatua gani, amri ya muda, mashtaka, hukumu au rufaa. Na kila habari kama ina mwanzo uliowahi kutoka huko nyuma, weka sentensi mbili za kutukumbusha, na ikiisha rudini mtuambie imeishaje hata kama mwisho wake hauna picha nzuri.

Mnaweza kuanza na hii ya Kisangani. Mahakama ilipanga malipo awamu tano za dola milioni 65, kila Septemba mosi, kuanzia 2022 mpaka 2026. Tuandikieni zimelipwa ngapi, kwenye mfuko zimebaki kiasi gani, na kwenye ule mji ni watu wangapi wameshika chochote mkononi. Mzee ameshaniuliza mara mbili tangu siku ile, na mimi nimemwambia nitakuulizia wewe.

Ni mimi msomaji wako wa kila siku.